Mwamuzi Asipoona



Majuma machache yaliyopita tulikuwa tukijifunza amri ya nane. Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono, akaniuliza: «Mwalimu, mchezaji akiupiga mpira kwa mkono, mwamuzi asione, naye akanyamaza, je, amesema uongo? Mbona hakutamka neno?» Wenzake walicheka. Nami nilimjibu upesi kwamba udanganyifu wote ni dhambi, kisha nikaendelea na somo. Hakuridhika, na nilimwona hakuridhika. Basi leo nataka kumjibu bila haraka, yeye pamoja nanyi nyote, kwani swali lake ni gumu kuliko nilivyotaka kukubali siku ile, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kulikimbia.

Tutazame kwanza lile alilosema, kwamba mchezaji hakutamka neno. Hilo halina uzito. Mwajua wenyewe jinsi mfanyabiashara mmoja mmoja sokoni anavyobonyeza kitako cha kopo lake la kupimia maharagwe, kikaingia ndani, ili kopo lionekane limejaa kumbe limepungua. Hasemi neno, kopo lamsemea. Uongo hauhitaji ulimi.

Lakini hapo kijana wetu angeweza kunishika, kama angefikiri zaidi kidogo. Angeweza kusema: «Na chenga je?» Mshambuliaji aonyesha kwenda kushoto, beki amfuata kushoto, kumbe mpira umekwenda kulia. Amemdanganya mwenzake mchana kweupe, na sisi twapiga makofi. Je, akaungame chenga zake? Hasha. Wale wawili walipoingia uwanjani walikuwa wamekubaliana, ingawa hawakuandikiana, kwamba kila mmoja atajaribu kumpoteza mwenzake kwa miguu. Beki aliyepigwa chenga hakuibiwa kitu; alikuja kwa ajili hiyo, na kesho atajifunza kutazama mpira badala ya kutazama mabega ya mtu. Mkono uliofichwa si hivyo. Hakuna aliyeukubali. Mwenye kupiga chenga acheza ndani ya mapatano. Mwenye kuficha mkono ameyavunja mapatano, naye ataka wengine waendelee kuyashika. Ndiyo maana auficha. Wala hamjaona bado mtu anayeona haya kwa chenga yake.

Hayo si magumu. Ugumu waanza hapa: ni kazi ya nani kusema? Katika mpira wetu yuko mwamuzi mwenye filimbi. Watu wengi husema: kazi yangu ni kucheza, kazi yake ni kuona, asipoona, shauri lake. Juu ya neno hilo mzee mmoja alinifungua macho, naye si padri wala mwalimu wa dini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi Bukavu kutoka Goma kwa meli, ile ya polepole. Karibu nami alikaa mzee mwenye kofia nyeupe na mikono migumu kama ya mkulima. Tulipokuwa tukipita kando ya kisiwa cha Idjwi aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Nami nikamwuliza yake. Akasema: «Mimi pia nilikuwa mwalimu. Nilifundisha watu wazima kupiga kijipira kwa fimbo na kusema kweli.»

Mzee huyo alikuwa mwalimu wa gofu. Wengi wenu hamjauona mchezo huo, wala mimi sijauona ila kwa maneno yake na kwa picha. Mchezaji hupiga kijipira kigumu, kisichozidi yai la kuku, akikipeleka mpaka kishimo kilicho mbali, pengine mita 400 na zaidi. Akimaliza kishimo hicho aenda cha pili, hata vitimie 18. Kila pigo lahesabiwa, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mzee alianza utotoni kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo katika uwanja wa Kinshasa, ule ulioko Gombe. Wachezaji wengi wa kazi wa Kenya na Uganda nao walianza hivyo hivyo, kwa kubeba mfuko wa mtu mwingine.

Sitaki mdhani kwamba nausifu mchezo wa wenye mali. Uwanja mmoja wa gofu wala nchi kubwa, na hapa Bushi, ambapo ndugu hugombana kwa ajili ya mstari mmoja wa migomba, mtu akisikia hivyo hukunja uso. Nilimwambia mzee hivyo, naye hakubisha. Alisema tu: «Ndiyo. Lakini sikiliza kilichomo ndani yake.»

Basi nilisikiliza. Wachezaji hutembea saa 4 hivi katika majani na miti. Mpira wa huyu huangukia huku, wa yule kule. Mtu ajikuta peke yake kichakani, amesimama mbele ya kijipira chake kilicholala mahali pabaya, wala hakuna amwonaye. Angeweza kukisogeza kwa ncha ya kiatu.

Nikamwuliza: «Na mwamuzi yuko wapi?»

«Hayuko. Katika mashindano makubwa wapo wachache, wa kuulizwa mambo magumu. Lakini ukikitikisa kijipira chako kule kichakani, wewe mwenyewe wamwita mwenzako, wamwambia: nimekitikisa, niandikie pigo moja zaidi.»

Nilicheka, nikamwambia watu wa namna hiyo hawapo duniani. Akasema: «Wezi wapo, Mwalimu, usidhani hawapo. Ila mwizi wa gofu hana wa kumsingizia. Hawezi kusema mwamuzi hakuona.»

Kanuni za kwanza za mchezo huo zilizoandikwa ambazo twazijua zilitungwa mwaka 1744 huko Leith, katika nchi ya Scotland. Zilikuwa 13 tu. Leo ni nyingi, na zilitengenezwa upya mwaka 2019, na katika kanuni ya kwanza kabisa mchezaji aambiwa awe mwaminifu na ajitoze adhabu zake mwenyewe. Mzee alinihadithia pia habari ya Bobby Jones, Mmarekani, ambayo walimu wa gofu wote huihadithia. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani yaliyofanyika Worcester, kijipira cha Jones kilitikisika katika majani marefu alipokuwa akijiweka tayari kukipiga. Hakuna mtu aliyeona. Jones akasema: kimetikisika, nihesabieni pigo. Waliosimamia mashindano waliuliza huku na huku, wasipate shahidi, lakini yeye akashika neno lake. Mwisho wa mashindano alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane. Wakarudia kushindana wao wawili, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Bila lile pigo alilojitoza, asingalihitaji kurudia. Watu walipomsifu alichukizwa. Alijibu kwa maana hii, kwamba ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuvunja benki.

Lakini lililonigusa zaidi si habari ya Jones. Jones alikuwa mtu mkubwa, na mambo ya watu wakubwa yako mbali. Lililonigusa ni mambo madogo ambayo mzee aliyasema huku akimenya chungwa. Alisema humjui mtu kwa pigo lake zuri. Wamjua kwa namna anavyoishika fimbo baada ya pigo baya. Mmoja huitupa. Mwingine huivunja juu ya goti. Wa tatu humgeukia mtoto aliyembebea mfuko na kumtukana. «Nililaumiwa mara nyingi,» akasema, «kwa mipira nisiyoipiga.» Tena alisema kwamba fimbo mara nyingi hung'oa kipande cha majani pamoja na udongo wake. Mchezaji mwenye adabu hakiachi. Hukirudisha mahali pake, hukikanyaga kwa mguu, kisha huendelea. Nikamwuliza kwa nini, maana yeye amekwisha kupita. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hufunga mlango. «Kwa sababu nyuma yake wanakuja wengine.»

Kulaumiwa kwa mpira usioupiga! Neno hilo lilinirudia usiku ule nikiwa nimelala, nikakumbuka habari ya Ndaye Mulamba ambayo baba zetu walituhadithia.

Mwaka 1974 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa bingwa wa Afrika. Ndaye ndiye aliyefunga magoli yote 4 katika fainali na katika marudio yake dhidi ya Zambia, na katika mashindano yale yote alifunga 9, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia bado katika mashindano mamoja ya Kombe la Afrika. Miezi 3 baadaye timu ilikwenda Ujerumani kwa Kombe la Dunia, ya kwanza kutoka nchi za kusini ya Sahara. Tarehe 18 Juni walicheza na Yugoslavia huko Gelsenkirchen. Wachezaji walikuwa na uchungu moyoni, kwa kuwa walisema fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Magoli yakaingia mapema. Katika mabishano baada ya goli la nne, mchezaji mmoja alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi aligeuka, akamtoa Ndaye. Ndaye hakumpiga. Aliyempiga alikuwa mwenzake, Mwepu Ilunga. Zaire ilibaki na watu 10, ikafungwa 9 kwa 0, na yule aliyekuwa fahari ya Afrika alitoka uwanjani kwa kosa ambalo mguu wake haukulitenda.

Sitaki kumhukumu Mwepu. Amekwisha kufa, mwaka 2015, na Ndaye amemfuata mwaka 2019. Tena Mwepu naye alihukumiwa vya kutosha. Siku 4 baada ya mchezo ule, walipocheza na Brazil, alitoka mbio katika ukuta na kuupiga mpira kabla Wabrazil hawajapiga pigo lao huru. Dunia nzima ilicheka miaka na miaka, ikasema: Waafrika hawa hawajui hata sheria. Mwepu alieleza baadaye kwamba alizijua sheria vema na alifanya kusudi, kwa hasira na kwa hofu. Wazungu waliocheka waliona mguu, moyo hawakuuona. Basi na sisi tusijifanye tunauona.

Ninalotaka mlitazame ni hili tu: kosa lilikuwapo, na mwamuzi alipokosea, kosa halikupotea hewani. Lilimwangukia mtu. Hapo ndipo neno lile «shauri lake mwamuzi» linapovunjika. Mwaona, anayenyamaza hudhani jambo liko kati yake na filimbi. Kumbe kuna mtu wa tatu.

Vijana mwamjua Maradona, hata ninyi mliozaliwa baada yake. Mwaka 1986 huko Mexico aliwafunga Waingereza kwa mkono, akaupa mkono ule jina la Mungu. Vijana hulicheka jambo hilo, mimi halinichekeshi. Mtu akiiba, aibe kwa jina lake mwenyewe. Na mwamuzi wa siku ile, Ali Bennaceur wa Tunisia, alibeba lawama ya goli lile miaka mingi. Mwaka 2012 Miroslav Klose wa Lazio alifunga kwa mkono katika mchezo na Napoli. Mwamuzi alilikubali goli. Klose akamwambia: ni mkono. Goli likafutwa, na timu yake ikafungwa 3 kwa 0. Mwaona kwamba kusema kweli hakukumletea ushindi, wala mimi siwaambii kwamba kutawaletea.

Mtaniuliza: je, basi, mchezaji apaswa kusema kila kitu, hata mpira wa kurusha uliotoka kwa mguu wake ukapewa upande wake? Kwa maoni yangu, hapana. Katika mpira wa miguu mambo madogo kama hayo tumeyaacha kwa mwamuzi, pande zote mbili, kwa mapatano yaleyale niliyoyasema juu ya chenga. Leo mpira wapewa ninyi, kesho wapewa wao, wala hakuna mtu anayelala na njaa. Wenzangu wengine walimu hawakubali, wataka yote yasemwe. Labda wao ni wema kuliko mimi. Lakini mkono wako ukifanya kusudi, au mwingine akipigwa kwa ajili yako, hapo mwamuzi si kificho tena.

Sasa nifike kwenye ile sababu yangu ya kulikimbia swali.

Nilipokuwa na miaka 17, vijana wa kijiji chetu walicheza na vijana wa kijiji cha jirani siku ya sikukuu ya parokia. Mshindi angepewa mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa matope, na dakika zilikuwa zimekwisha karibu zote, bila goli. Tukapata mpira wa kona. Ulikuja juu, mbele ya kichwa changu, nami niliona kwamba sitaufikia. Nikauinua mkono wa kulia katikati ya vichwa vya watu, nikausukuma. Ukaingia. Kipa wao, kijana wa rika langu, alipiga kelele: «Mkono! Mkono!» Mwamuzi alikuwa nyuma ya kundi la watu. Alinitazama. Hakuniuliza neno. Nami sikutamka neno. Akapiga filimbi ya goli.

Tulimla mbuzi. Na wale wenzake kipa hawakumwamini. Walisema ameacha mpira mwepesi umpite, kisha ametunga habari ya mkono ili afiche aibu. Wakamwita «Mkono». Hakucheza tena baada ya mwaka ule.

Niliungama. Padri aliniambia nirudishe nilichoiba, nami nikawaza kijanja: mbuzi ameliwa, sasa nirudishe nini? Nikajiona nimesamehewa na sina deni. Nikakaa hivyo miaka mingi, nikawa katekista, nikafundisha amri ya nane mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiwaeleza watu kwamba amri hiyo yalinda jina jema la jirani. Hata baada ya safari ile ya meli, hata baada ya kusikia habari ya kipande cha majani kinachorudishwa mahali pake, sikufanya kitu. Nilifanya baada ya swali la kijana wetu. Juma lilelile nilishuka mjini, nikamtafuta yule kipa. Ni mwashi huko Kadutu. Niliuliza kwa jina lake la ubatizo, watu hawakumjua. Mwisho mwanamke mmoja muuza ndizi akasema: «Ah, wamtafuta Mkono!»

Nilimkuta akipanga mawe ya ukuta. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule. Hakuacha kazi. Nilipomaliza alisema: «Mwalimu, mimi sina haja ya kuambiwa. Nilikuwapo.» Akatafuta jiwe, akalipima, akaliweka. Kisha akasema: «Wewe wanakuita Mwalimu. Mimi wananiita Mkono. Usiniambie mimi. Waambie wao.»

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, niliomba ruhusa nikasema mbele ya watu wa kijiji chetu. Jumapili ya pili nilikwenda kwa jirani. Baadhi ya wazee walicheka na kusema ni mambo ya watoto. Mmoja wa wale niliocheza nao alikasirika. Hajanisalimu mpaka leo, kwa kuwa yeye pia alikula mbuzi na hakutaka kujua. Lakini wengi wa wale waliomtania kipa wamehama, wako mjini, au Goma, au mbali zaidi, na sauti yangu haiwafikii. Gazeti hili huwafikia wengine wao. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ruhusa yake: mpira ule uliingia kwa mkono wangu wa kulia. Kipa aliona vema.